Bua Lililosalia Baada ya Mvua ya Mawe

Pale njia inapoanza kupanda mlima wa Manga nilimkuta mama mmoja akipalilia maharagwe. Nilimwamkia, naye akainama zaidi. Nilidhani upepo umebeba sauti yangu, nikarudia. Akageuka na jembe lake, akaanza kulima upande ambao alikuwa ameshaulima.

Mwanamume niliyemfahamu tangu utotoni aliniona akiwa bomani kwake, akaingia ndani. Wasichana wawili waliokuwa wakitoka kuteka maji walishuka kwenye njia na kusimama ndani ya shamba la kahawa mpaka nikapita. Nilikuwa nimekaa nje karibu miaka miwili, na nilizoea kurudi nikiwa kichekesho cha kijiji: yule aliyeacha shule darasa la tano, asiyekaa mahali, anayeuliza maswali kama askari. Sikuzoea kuogopwa.

Nyumba ya nyanya, mama yake baba, ilikuwa juu ya mteremko wa kijito. Ndiye aliyenilea baba na mama walipohamia mashamba ya chai ya Kericho. Nilimkuta ameketi nje akipepeta nafaka ya wimbi, na mlangoni, nyuma ya mgongo wake, palikuwa na kitita cha nyasi kavu kimefungwa vizuri kwa ukambaa wa mgomba.

"Magokoro," nikamwita, maana kwetu nyanya huitwa hivyo, "nani ameleta nyasi?"

"Aliyezileta hakubisha hodi."

Aliendelea kupepeta. Nyumba yake ilikuwa ya nyasi, na kila mtu kwetu alijua maana ya nyasi kavu zikiwekwa kwenye mlango wa nyumba kama hiyo. Zilisema: hama, kabla ya sisi kuongeza moto.

"Keti, mume wangu mdogo," akasema. Ndivyo alivyoniita tangu nikiwa mtoto. "Kula kwanza. Halafu utaniambia kama umerudi kwa mchawi au kwa nyanya yako."

Nilipomaliza kula alinieleza, bila kupandisha sauti.

Msimu uliotangulia, mahindi yakiwa karibu kutoa maua, mvua ya mawe ilipiga upande wetu wa mlima. Mvua ya mawe ya kwetu si ya kuhadithia; huchagua mteremko mmoja ikaunyoa, na mteremko wa pili ukabaki na umande tu. Mara hii ilichagua wetu. Asubuhi yake mashamba yote kutoka barabarani hadi kijitoni yalikuwa yamelala, majani yamechanika kama nguo za kichaa. Nyuma ya jiko la nyanya, chini ya migomba miwili iliyoanguka ikiegemeana, bua moja la mahindi lilibaki limesimama. Lilichanua peke yake. Likazaa hindi moja kubwa, la punje nyekundu, zile punje za rangi ya divai alizopewa na mama mkwe wake siku alipoolewa.

Watu walikuja kulitazama. Mzee wa kanisa, ambaye alikuwa ndugu mdogo wa marehemu babu na ndiye mkubwa wa ukoo kwa sasa, alilitaja katika sala ya Sabato kama mfano wa Ayubu. Msimu wa kupanda ulipofika, wengi hawakuwa na mbegu ya nyumbani, na nyanya alilipukuchua hindi lile akagawa. Kila nyumba ilipata punje chache. Kiganja kizima alimpa jirani yake wa karibu, mke wa binamu yake baba, ambaye mimi nilimwita mama mdogo. Huyo mama mdogo ndiye aliyekuwa mkwe wa mzee wa kanisa.

"Mbegu ikaota," nyanya alisema. "Njoo uone ilivyoota."

Tulizunguka nyuma ya jiko. Miche ilikuwa na kimo cha kidole. Mingi ilikuwa ya kijani kama miche yote ya dunia. Katikati yake ilisimama mingine ambayo haikuwa na rangi hata chembe. Ilikuwa myeupe, kutoka shina mpaka ncha ya jani, myeupe kama karatasi ya daftari jipya. Ilikuwa imesimama wima, mizuri, na ilikuwa inakufa.

"Kila nyumba niliyogawa iko hivi," alisema nyanya. "Na wiki ileile mtoto wa mama yako mdogo akashikwa na homa. Unaona jinsi mambo yanavyoshikana? Mama yako mdogo ndiye aliyesema kwanza. Alisema kisimani, mbele ya watu, kwamba nimewagawia mifupa. Jumapili mzee ameita kikao. Wakisema ndivyo, naondoka au nachomwa ndani."

Niliinama juu ya ile miche, na lazima niseme kwamba pamoja na hofu yote moyo wangu uliruka kwa jambo jingine. Nilikuwa nimeiona hapo awali.

Nilikuwa nimeiona Nyansiongo. Mwaka uliotangulia nilipata kibarua kwenye shamba lililokuwa la mzungu, ambako kona moja ilitengwa kwa majaribio ya mahindi. Kazi yetu ilikuwa kufunga mifuko ya karatasi. Tulifunika hindi changa kabla halijatoa ndevu, tukafunika ua la kileleni, kisha tukachukua unga wa ua lile na kuumwagia ndevu za bua lilelile. Aliyetusimamia alikuwa bwana shamba kijana kutoka upande wa ziwa, mtu wa maneno mengi, ambaye Kiswahili chake kilikuwa kibovu kama changu, na kwa hiyo tulielewana sana.

"Wewe Mkisii, mbona unachungulia ndani ya mfuko kama unatafuta mke?"

"Nataka kujua kwa nini tunafanya hivi."

"Tunalazimisha bua lijioe."

"Halina mwenzake?"

"Liko na wenzake shamba zima. Likiachwa, upepo hulitafutia mchumba wa mbali. Sisi tunalinyima. Tunataka kuona limeficha nini."

Na lilikuwa limeficha. Mbegu za mifuko ile zilipopandwa, kulitoka vibeti, kulitoka yaliyojikunja, na katika mistari mingine kulitoka miche myeupe ambayo ilikufa mara tu chakula cha punje kilipokwisha, kwa sababu bila ile rangi ya kijani mmea haujui kupika. Bwana shamba alinieleza kwamba mahindi hubeba madhaifu mengi yaliyolala. Kila mche hupokea sehemu mbili, moja ya baba na moja ya mama, na udhaifu ukiwa upande mmoja tu, upande wenye afya huufunika. Bua likijioa, baba na mama ni mmoja, na mara nyingine udhaifu hukutana na udhaifu wenyewe.

Nilimwuliza kuhusu wimbi na maharagwe, maana nilijua ua la haragwe hujifunga na kumaliza mambo yake kabla nyuki hajafika. Mbona hayo hayatoi weupe?

Aliacha kazi akaketi juu ya ndoo. "Hayakuanza hivyo," alisema. "Fikiria mbegu moja imebebwa na ndege, imeanguka mahali ambapo hakuna wa aina yake. Ikisubiri mchumba, itakufa na ukoo wake. Ile yenye uwezo wa kujioa, hata vibaya, huacha watoto. Wengi wa watoto hao ni dhaifu, wanakufa. Wachache wasiobeba ubaya wanabaki, nao wanajioa, na watoto wao, na wajukuu, miaka isiyohesabika. Ubaya unazikwa pamoja na waliokuwa nao. Ndiyo maana wimbi leo linajioa bila aibu. Lilishalipa."

Basi nilimweleza nyanya hayo yote pale nyuma ya jiko, nikipiga magoti. Mvua ilipong'oa wachumba wote, bua lake lilijioa. Miche ile haikuwa ya mtu yeyote ila ya bua lenyewe.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaokota punje moja ya wimbi iliyokwama kwenye shuka lake.

"Kwa hiyo hili lilizika watoto wake zamani."

"Ndiyo."

"Na hapakuwa na mtu wa kulishtaki." Aliitupa punje kwenye ungo. "Mambo hayo usiyapeleke kwa mzee."

Siku iliyofuata niliyapeleka. Nilikuwa na miaka ishirini na kitu na niliamini kwamba jambo likiwa kweli, kulisema kunatosha.

Mzee wa kanisa alinipokea kwa heshima, akaniletea kiti. Alikuwa mtu wa haki kwa namna yake. Nyasi zile hakuziweka yeye, ingawa nadhani alijua walioziweka. Nilianza vizuri, na ile mifuko ya karatasi ya Nyansiongo, na upepo. Nilipofika pale pa kusema bua limejioa, alinyanyua mkono.

"Rudia."

"Mahindi yamejioa yenyewe, babu. Baba na mama ni bua moja."

 Kwetu kijana haoi hata msichana wa ukoo wake wa mbali kabisa. Watu hutafuta wake ng'ambo ya mito ili damu zisikutane. Niliona uso wake ukifunga kama dirisha.

"Wewe umeketi kwenye kiti changu," alisema polepole, "kuniambia kwamba nyanya yako alikuza nyuma ya jiko lake kitu kilichozaa na nafsi yake, halafu akatugawia tupande, tule, tuwape watoto."

"Si yeye aliyekikuza hivyo, ni mvua ..."

"Nilikuwa na shaka," alisema. "Umeniondolea."

Nilitoka pale. Neno lilinitangulia kijijini. Jioni hiyo, nikiwa natoka kijitoni na maji, vijana watatu walikuwa wamekaa juu ya jiwe la njia.

"Mjukuu wa bua!" mmoja akaita.

"Muulizeni yeye alizaliwa na nani na nani!" akadakia mwingine, nao wakacheka. Wa tatu hakucheka. Alikuwa akichezea kiberiti, akikifungua na kukifunga.

Alhamisi nilikwenda kwa mama mdogo. Sikujua nitamwambia nini. Nyumbani kwake hapakuwa na mtu ila yule mtoto wa homa, ambaye alikuwa amepona na alikuwa akimfukuza kuku. Aliniambia mama yuko chini kwenye ndizi. Nilishuka nikipitia shambani, na kwa mazoea yangu ya kuchungulia nikatazama miche. Mbegu nyekundu ya nyanya ilikuwa imeota juu karibu na nyumba, na weupe wake ulikuwapo kama kwingine kote. Chini, karibu na migomba, kulikuwa na kipande kingine cha miche ambayo ilikuwa ya kijani yote, lakini ilikuwa na mapengo. Mapengo yale yalinisumbua. Mtu akipanda hafuati mstari kisha akaruka, akafuata, akaruka.

Kando ya kipande kile palikuwa na rundo la majani makavu ya mgomba, limekandamizwa kwa jiwe. Nililiinua jiwe.

Chini yake kulikuwa na miche myeupe iliyong'olewa, imelazwa pamoja, mingine bado ina udongo. Niliokota mmoja. Ganda la punje lilikuwa bado limeshikamana na mzizi, na ganda lile halikuwa jekundu. Lilikuwa la rangi ya maziwa. Nikaokota mwingine, na mwingine. Maganda yote yalikuwa hivyo. Hii haikuwa mbegu ya nyanya. Ilikuwa mbegu ya mama mdogo mwenyewe. Naye bila shaka alikuwa na bua lake lililosalia mahali fulani chini ya migomba, limejioa peke yake kama la nyanya, na udhaifu uleule, maana mahindi yetu ya mteremko mzima yalikuwa yameoana kwa vizazi.

"Rudisha jiwe."

Alikuwa amesimama nyuma yangu na panga la kukatia majani. Hakulinyanyua. 

"Mama mdogo, hii ni ..."

"Najua ni nini. Rudisha jiwe."

Nilirudisha. Aliniangalia, na nikaona jambo ambalo ningepaswa kuliona tangu mwanzo: alikuwa mwanamke aliyeona weupe kwenye shamba lake kabla ya mtu mwingine yeyote, mtoto anachemka ndani ya nyumba, na akajua kijiji kitasema nini. Alipouona tena kwenye mbegu ya nyanya alipata pa kuelekeza vidole. Alimwita mwingine mchawi kwanza ili asiitwe yeye.

Nilipanda kwa nyanya nikikimbia. Moyoni nilikuwa nimeshashinda. Ile miche mitatu niliyookota, yenye maganda meupe, ilikuwa mfukoni mwangu.

"Jumapili nitaiweka mbele ya mzee," nilimwambia. "Mkwe wake mwenyewe! Tuone kama atakuwa na shaka."

Nyanya aliitazama kwenye kiganja changu bila kuigusa.

"Halafu?"

"Halafu umeokoka."

"Halafu zile nyasi zinahama kutoka mlangoni kwangu." Alielekeza kidevu. "Zinakwenda wapi?"

Nilifuata kidevu chake, nikaona paa la nyumba ya mama mdogo.

"Ana watoto wanne mle ndani," alisema. "Mimi nikichomwa nimekula chumvi nyingi. Nipe hiyo."

"Magokoro, usiitupe. Bila hii hatuna kitu."

"Nani amesema natupa?" Aliifunga kwenye kona ya leso yake. "Wewe umejua ukweli kutoka kwa bwana shamba, ukauendesha kama ng'ombe mwenye wazimu, ukavunja ua wa watu. Sasa kaa hapa. Chunga jiko."

Alishuka kwa mama mdogo peke yake, mchana kweupe, ili kila mtu aone. Niliachwa nikitazama moshi. Alikaa huko muda mrefu kiasi kwamba niliinuka mara kadhaa na kuketi tena, na mara moja nilichukua rungu la babu ukutani nikalirudisha. Aliporudi hakuniambia walichosema. Aliniambia tu, "Analia vibaya yule. Anafanana na mbuzi." Akaanza kupika ugali.

Jumapili tulikaa uwanjani kwa mzee, wanaume kwenye viti na magogo, wanawake chini. Wale vijana walisimama nyuma. Nyanya alivaa nguo yake ya Sabato. Mzee alifungua kwa sala, kisha akaanza kueleza shauri: hindi lililozaa na nafsi yake, na mbegu iliyogawiwa. Watu waliguna. Mmoja wa wale vijana akasema kwa sauti, "Kuna haja gani ya maneno mengi?"

Hapo mama mdogo akasimama. Sijaona mtu akisimama kwa uzito namna ile. Alikuwa na ungo, na juu ya ungo kulikuwa na miche ya aina mbili, imepangwa pande mbili.

"Baba," alimwambia mzee, baba mkwe wake, "hii yenye maganda mekundu ni ya mama. Hii nyingine ni mbegu yangu. Bua langu pia lilibaki moja chini ya ndizi. Nimetoa weupe kama yeye. Niling'oa nikaficha. Kama yeye ni mchawi, niandike mimi pia."

Nyanya akainuka na kwenda kusimama kando yake.  Waliushika ungo pamoja, kila mmoja upande wake.

 Nilimtazama mzee akiitazama miche, kisha mkwewe, kisha wale wajukuu wake waliokuwa wameshika nguo ya mama yao. Kumtoa mmoja kulimaanisha kuwatoa wote wawili, na moto ungeanza kwenye boma lake mwenyewe. Alivua kofia akaifuta ndani kwa kitambaa, polepole.

"Mvua ya mawe," alisema mwishowe. "Nilijua tangu mwanzo. Baridi ya ile barafu iliingia ndani ya bua. Bua lililopigwa huzaa mbegu yenye baridi. Mbona weupe ni kama wa barafu? Mtu yeyote mwenye bua lililobaki aangalie, ataona."

"Ni kweli," sauti ya mama mmoja ikatoka nyuma. "Hata mimi niling'oa miwili."

"Hata kwangu," akasema mwingine, kwa sauti ya chini.

Mzee akafunga kwa sala ndefu. Nilifungua mdomo nimwambie kwamba baridi haihusiki, na nyanya, bila kugeuka, akanikanyaga mguu kwa kisigino.

Tulirudi nyumbani tukipita katikati ya watu walioanza tena kuamkia. Yule kijana wa kiberiti alitupisha njiani, akamwamkia nyanya kwa heshima, kwa lugha ya kwetu, "Bwakire, omong'ina," kama vile hajawahi kusema jambo jingine maishani mwake. Naye alimjibu vizuri, akamwuliza habari ya mama yake.

Msimu ule wanawake wale wawili walipanda pamoja. Nilikuwa nimemweleza nyanya kwamba miche ya kijani iliyobaki mingi bado inabeba udhaifu kimyakimya, na dawa yake ni kuipa wachumba wa mbali. Aliniamuru nitembee mpaka Birongo, ambako mvua ya mawe haikufika, nikaombe mbegu kwa mtu asiye wa ukoo wetu. Nilirudi na mfuko wa punje za manjano. Wakazipanda mstari kwa mstari kati ya miche ya kijani, ya mbegu nyekundu na ya mbegu nyeupe, mashamba yote mawili, bila kuacha mpaka kati.

Kile kitita cha nyasi kilikaa mlangoni siku kadhaa. Hakuna aliyekuja kukichukua, na hakuna aliyetaka kuonekana akikichukua. Asubuhi moja nilimkuta nyanya amekifungua. Paa la jiko lilikuwa likivuja upande wa mashariki tangu ile mvua. Alinipa ngazi.

"Panda," alisema. "Ni nyasi nzuri. Aliyezikata anajua kuchagua."